Mama alikuja na kufuli kwa mfuko wa unga: venye unadai fidia ya adhabu kortini

Kuna mama aliingia kwa ofisi yetu hapa Kisumu akiwa amebeba kufuli ndani ya mfuko wa unga. Kufuli lilikuwa limekatwa na grainda, chuma bado kinang'aa pale palipokatwa, na kwa duka lake lote la Manyatta ni kama hicho tu ndicho alitoka nacho. Mwenye ploti alikuja usiku na vijana wanne, wakang'oa mlango, wakashusha mabati, bidhaa zikawekwa nje na mvua inanyesha, na kufika saa mbili asubuhi fundi alikuwa tayari anapima kaunta ya mpangaji mpya.

Nikamuuliza, mama, ukipiga hesabu umepoteza ngapi? Akaanza, unga, sukari, mafuta ya kupima, friji ndogo ya soda iliyoingia maji, akafika kama elfu tisini hivi. Alafu akanyamaza.

"Lakini kijana wangu," akaniambia, "hiyo elfu tisini ataitoa mfukoni na hata hatasikia. Kesho atafanyia mwingine."

Huyo mama hajasoma sheria hata mstari mmoja lakini alikuwa amesema sababu yote ya fidia ya adhabu kuweko. Mimi ni karani tu kwa ofisi ya wakili, si wakili, lakini nimebeba mafaili ya kutosha kujua watu wanakwama wapi, so wacha niandike hapa venye hii kitu huenda, ndio siku ukienda kuona wakili usiende na hasira peke yake.

Hatua ya kwanza: jua ni pesa gani unaongelea

Korti ikikupa pesa kwa kesi ya madai, kawaida inajaribu kukurudisha pale ulikuwa kabla hujakosewa: bidhaa, bili ya hospitali, mapato uliyokosa, maumivu. Hiyo ni fidia ya kawaida. Ya pili ni ile inaongezwa kwa sababu ulifanyiwa kwa dharau, ukaaibishwa mbele ya watu, moyo ukaumia kuliko kitu chenyewe, na hiyo pia bado ni ya kukufuta machozi wewe. Ya tatu ndio fidia ya adhabu, ukisikia wakili akisema egzemplari damejesi ndio hiyo. Hii haiulizi umepoteza nini. Inamgeukia yule mwingine inamuuliza, wewe ulifanya hivi ukiwa na roho gani? Alafu inamchapa, ili yeye na wengine wa aina yake waogope. Pesa inaingia kwako ndio, lakini mwenye analengwa ni yeye.

Hii tofauti iliwekwa wazi na Korti ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1971 kwa kesi ya Obongo dhidi ya Manispaa ya Kisumu. Ndio, Kisumu hii hii. Mpaka leo majaji wa Kenya wakifika kwa hii mada lazima waitaje, na mimi huwa nacheka kimoyomoyo nikiona wakili amepanda ndege kutoka Nairobi kuja kutusomea Obongo kama zawadi ametuletea.

Mahali watu wanapotea ni habari za Marekani. Unakuta mtu ameteleza kwa supamaketi anauliza kama anaweza kupata milioni mia. Ile kesi ya 1994 ya mama aliyechomwa na kahawa ya McDonald's kila mtu ameisikia, majuri (wale raia wa kawaida wanaoketi kuamua kesi) walitoa karibu dola milioni 2.7 za adhabu, lakini hakuna mtu hukuambia jaji aliishusha mpaka dola 480,000. Na mwaka 1996 Korti ya Juu ya huko ilikataa dola milioni 2 za adhabu dhidi ya BMW, ambapo shida ilikuwa gari limepakwa rangi upya bila mnunuzi kuambiwa na hasara yenyewe ilikuwa dola 4,000, wakasema hapo mmepita mpaka. Sasa kama hata huko kuna mpaka, huku kwetu kwenye kesi ya madai haina majuri, inaamuliwa na jaji au hakimu peke yake, na kwa hii pesa wengi wao ni mkono wa birika.

Hatua ya pili: angalia kama uko na mlango wa kuingilia

Kukasirika haitoshi, na hata kuonewa vibaya pekee haitoshi. Mwaka 1964 huko Uingereza kwa kesi ya Rookes dhidi ya Barnard, jaji anaitwa Lord Devlin alifunga hii fidia akaacha milango mitatu tu, na Obongo ikatuletea milango hiyo hiyo huku.

Mlango wa kwanza ni mtu wa serikali ametumia mamlaka yake kwa uonevu, kiholela, au kinyume cha katiba. Polisi, askari wa kaunti, chifu, hao wote. Kijana mmoja wa boda hapo Nakuru alikataa kutoa mia mbili kwa roadibloku, akalala seli siku nne bila kuona hakimu, na Katiba kifungu cha 49 inasema saa 24 au siku ya korti inayofuata. Alafu akabebeshwa kesi yenye shahidi hakuwahi kutokea ikatupwa. Hiyo ni mlango wa kwanza na imeingia mabega yote.

Mlango wa pili ni mtu aliyekaa chini akapiga hesabu akaona hata nikishtakiwa, nikitoa hiyo fidia, bado nitabaki na faida. Huu ndio mlango wa watu binafsi na kampuni, na ndio wa mama wa kufuli. Uingereza mwaka 1978 kwa kesi ya Drane dhidi ya Evangelou, mwenye nyumba alimfungia mpangaji nje vitu vikatupwa uani, korti ikampiga pauni 1,000 ya kumfunza adabu. Kwetu unaoukumbuka pengine ni wa mwanasiasa Nicholas Biwott, mwaka 2000 korti ya Nairobi ilimpa milioni 30 juu ya kitabu cha daktari mmoja Mwingereza kilichomhusisha na kifo cha Robert Ouko, yule waziri mwili wake ulipatikana huko Got Alila karibu na Koru mwaka 1990, na sehemu ya hizo milioni ilikuwa ya adhabu. Mtu akiuza uongo akijua utauzika, hapo hesabu ya faida iko wazi.

Mlango wa tatu ni pale sheria ya bunge yenyewe imesema fidia ya aina hii itolewe. Ni nadra. Pita.

Sasa venye haingii. Mtu amevunja mkataba, hata kama ameuvunja kwa madharau akikucheka, kuvunja mkataba pekee hakuleti fidia ya adhabu, tangu 1909 ni hivyo. Ajali ya matatu ya kawaida, dereva alikosea akagonga, hapana. Na hii inauma lakini ni lazima niseme: kama aliyefanyiwa unyama ameaga, wale wanashtaki kwa niaba ya mali yake chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Cap 26 (Cap ni namba ya sura kwa vitabu vya sheria za Kenya), hawawezi kudai fidia ya adhabu, imeandikwa hapo waziwazi. Nimeona familia inalia kwa korido juu ya hicho kifungu kimoja.

Hatua ya tatu: hesabu siku kabla hujahesabu pesa

Ningekuwa na uwezo hii ningeiandika kwa ukuta wa kila kituo cha polisi. Makosa ya kawaida ya madai yako na miaka 3. Kuharibiwa jina ni miezi 12. Lakini ukishtaki Serikali au serikali ya mitaa kwa kosa kama la kupigwa, kufungiwa au kubomolewa, Cap 39, sheria ya muda wa kushtaki serikali, inakupa miezi 12 pekee. Kuna mabishano ya mawakili juu ya serikali za kaunti zinaingiaje hapo. Wewe usiingie hayo mabishano. Chukua miezi 12 ulale usingizi.

Mtego wenyewe uko hivi. Yule kijana wa boda alikaa anangojea kesi ya jinai iishe kwanza, ikaisha baada ya mwaka na nusu, ndio akakuja. Kwa kosa la kushtakiwa kwa nia mbaya hakuchelewa, juu hiyo inaanza kuhesabiwa siku kesi imeisha kwa faida yako. Lakini ile ya kukamatwa na kulazwa seli siku nne, saa yake ilikuwa inatembea tangu wakati huo, na ilikuwa imeshakufa. Siku nne hizo ndizo zilikuwa nyama ya kesi yake. Tulimwangalia tu.

Kwa wale wamekwama hivyo kuna njia ya petisheni ya katiba, nitaifikia.

Hatua ya nne: kusanya ushahidi wa roho ya mtu, si wa hasara peke yake

Hapa ndipo kesi nyingi za hii fidia hufa. Watu wanaleta risiti. Risiti ni nzuri, zinaonyesha umepoteza nini, lakini kumbuka fidia ya adhabu haiulizi hiyo. Unahitaji kitu kinachoonyesha alijua anakosea na akaendelea, au alipiga hesabu.

Turudi kwa mama. Nilimuomba simu. Ilikuwa ile ndogo ya kubonyeza, skrini imepasuka kona moja, akaniambia hapo hakuna kitu kijana wangu ni meseji za deni. Nikashuka chini chini na kidole, meseji za kanisa, za chama, alafu nikafika kwa namba ya mwenye ploti, siku tatu kabla ya ule usiku:

"Kuna mtu atanilipa 15 wewe unalipa 6. Toka. Enda kortini ukitaka utanilipisha nini"

Nikaisoma mara mbili. Mama alikuwa ameiona kama tusi la kawaida. Mimi niliiona ni hesabu, imeandikwa na mwenyewe kwa mkono wake, iko na namba zote mbili na tofauti yake, na kwa chini ameweka kabisa kwamba korti ameifikiria na ameidharau. Huwezi kulipa shahidi akuletee kitu kama hiyo.

Kwa hivyo kabla ya kitu kingine chochote, fanya hivi. Usifute meseji, usiuze simu, usipeleke simu kwa fundi aifleshi. Skrinshoti peke yake haitoshi, Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B inataka cheti kinachoeleza ni kifaa gani na ile meseji au video ilitolewa namna gani, wakili atakuandikia, lakini simu yenyewe iwe bado iko na wewe. Video ya jirani, mwambie akutumie asiikate na asiiwekee wimbo (wacheka, lakini nimeletewa ushahidi wa kubomolewa kibanda ukiwa na wimbo wa ohangla juu yake, na mahali palipokuwa na sauti ya askari akitukana hakuna kitu kinasikika).

Enda kituo urekodi, uchukue namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, andika hiyo namba mahali mbili. Kama umeguswa mwili enda hospitali siku hiyo hiyo na uitishe P3, fomu ya polisi ambayo daktari anajaza majeraha. Kama aliyekukosea ni polisi mwenyewe na unaogopa kurudi kituo kile kile, enda IPOA, ile mamlaka huru ya kuchunguza polisi, wako na ofisi Kisumu na Nakuru, kupeleka lalamiko hulipi.

Mashahidi wa hii fidia ni tofauti kidogo. Shahidi aliyeona mlango ukitolewa ni mzuri, lakini yule mzuri zaidi ni aliyesikia kilichosemwa. Alisema nini? Alicheka? Ulimuonyesha order ya korti akairarua? Uliomba mpaka asubuhi akasema nini? Andika maneno kama yalivyosemwa, kama ni Kijaluo andika Kijaluo, kama ni Kikalenjin andika hivyo, kutafsiri kutafanywa baadaye. Na tafuta kama alishafanyia wengine. Kwa hiyo ploti ya Manyatta tulipata kinyozi aliyetolewa mwaka uliotangulia kwa njia hiyo hiyo, usiku, grainda. Kinyozi hakutaka maneno ya korti hata kidogo. Nilienda kunyolewa kwake mara tatu kabla hajakubali kuandika.

Upande wako pia utaangaliwa, so kuwa mkweli. Kama ulikuwa na deni la nyumba miezi mitano na ulimrushia mwenye ploti jiwe, mwambie wakili mapema. Jaji akisikia hiyo kutoka upande ule mwingine kwanza, fidia ya adhabu imeenda.

Hatua ya tano: barua, alafu chagua korti

Barua ya madai lazima itangulie, wakili anaiandika, inasema umefanya hivi, lipa ndani ya siku hizi. Nakala inaingia kwa faili ya kesi. Ukiiruka unaweza kushinda na bado ukanyimwa gharama. Kwa Serikali Kuu kulikuwa na ile notisi ya siku 30, na mwaka 2012 Korti Kuu ilisema inakiuka Katiba kuzuia mtu kortini kwa sababu hakuitoa. Mimi bado huwaambia watu tuipeleke tu, inagharimu karatasi. Na kwa serikali kuu unayemshtaki kortini ni Mwanasheria Mkuu, si OCS (mkuu wa kituo cha polisi), ingawa ukijua jina la afisa aliyekupiga liweke pia.

Korti inategemea pesa na aina ya kosa. Hakimu mkazi anabeba mpaka milioni 5, hakimu mkuu mpaka milioni 20, juu ya hapo ni Korti Kuu, nazo ziko Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma, Eldoret, huna haja ya kufikiria Nairobi. Korti ya Madai Madogo inabeba mpaka milioni moja na inaenda mbio, siku 60, lakini haigusi kesi za kuharibiwa jina, za kushtakiwa kwa nia mbaya, wala za umiliki wa shamba. Kama ni duka umetolewa na huna mkataba ulioandikwa, Cap 301, sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, inasema mwenye ploti alitakiwa akupe notisi ya angalau miezi miwili kwa fomu maalum, na kuna tribunal ya nyumba za biashara, kimbia huko haraka kutafuta order ya kurudishwa, alafu fidia ndio mwongee na wakili inadaiwa wapi.

Petisheni ya katiba ni njia nyingine kabisa. Inaenda Korti Kuu, kifungu cha 22 kinasema hakuna ada ya kuianzisha, na kifungu cha 23 kinampa jaji uwezo wa kutoa fidia. Haina tarehe ya mwisho iliyoandikwa, lakini ukichelewa bila sababu utaulizwa. Mama aliyejifungulia sakafuni kwa hospitali ya umma Bungoma mwaka 2013, akapigwa na kutukanwa na wauguzi, alipata milioni 2.5 kwa Korti Kuu ya Bungoma mwaka 2018 kwa njia hii. Koigi wa Wamwere, mwanasiasa wa Nakuru, kwa mateso ya Nyayo House, lile jengo la Nairobi ambalo wapinzani wa serikali waliteswa, alipewa milioni 2.5 na Korti Kuu, Korti ya Rufaa ikaipandisha mpaka milioni 12 mwaka 2015. Ila jua kwamba kwa petisheni majaji hawapendi kuiita adhabu. Wanafuata uamuzi wa mwaka 2005 uliotoka Trinidad na Tobago kwamba unaweza kuongezewa kitu cha kuonyesha uzito wa haki iliyovunjwa, lakini lile jina la adhabu liachwe. Ukiandika petisheni yote imejaa neno adhabu adhabu unajifungia mlango bure.

Hatua ya sita: iandike waziwazi kwa hati ya madai

Fupi lakini usiichezee. Fidia ya adhabu haitolewi kama nyongeza ya sokoni. Lazima itajwe kwa jina kwa hati ya madai, na chini yake ziwekwe facti zenyewe: tarehe, meseji, maneno, ile tofauti ya 15 na 6. Nimeona hati imeandikwa mwishoni "na fidia nyingine yoyote korti itaona inafaa", wakili akadhani amejificha hapo. Hakujificha mahali. Kabla ya kusaini ile hati ya kiapo, soma hati yote, mwambie wakili akuonyeshe kwa kidole ni wapi imeandikwa fidia ya adhabu na ni facti gani zinaishika. Kama haipo inaweza kurekebishwa, lakini mapema, si siku ya kusikizwa.

Maelezo ya mashahidi na nakala za stakabadhi zote zinaenda pamoja na hiyo hati. Siku hizi tangu Machi 2024 kufaili ni kwa mtandao nchi nzima, skani vizuri, meseji iliyopigwa picha gizani hakuna mtu ataisoma.

Na pesa ya wakili, muelewane mwanzo na iandikwe. Ile ya "tukishinda tunagawana, tukishindwa hunilipi" Sheria ya Mawakili imeikataa, so anayekuahidi hivyo jiulize ni nini kingine atakuahidi. Ukishindwa, kawaida unalipa gharama za upande ule mwingine pia, hii watu hawaambiwi. Kama huna uwezo kabisa jaribu huduma ya msaada wa kisheria ya serikali, na kina mama wa Kisumu wana FIDA, chama cha mawakili wanawake, hapo.

Hatua ya saba: siku ya kusikizwa, na kiasi

Ushahidi unapimwa kwa kuangalia upande gani una uzito zaidi, si kama jinai. Ukiulizwa ulipoteza nini jibu hilo swali, ukiulizwa alifanya nini jibu hilo, usichanganye. Mtu akilia sana juu ya hasara jaji anaandika fidia ya kawaida. Pale unatulia ukasema "nilimuonyesha order akaniambia order ni karatasi ya kufungia omena", hapo kalamu ya jaji inasimama kidogo.

Kuhusu kiasi, hakuna jedwali. Lord Devlin mwenyewe alisema jaji ajizuie, aangalie uwezo wa pande zote mbili, na kwanza ajiulize kama fidia ya kawaida haitoshi tayari kumuadhibu huyu mtu. Ikiwa inatosha, ya adhabu haitolewi kabisa. Kama mshtakiwa alishafungwa au kupigwa faini kwa kitendo hicho hicho, hiyo pia inaweza kukupunguzia. Kwa hivyo wakili wako alete hukumu za kesi zinazofanana na yako na aombe kiasi kinachoshika, juu ukiomba milioni hamsini kwa mlango wa mabati jaji anaacha kukusikiza hata yale ya kweli.

Hatua ya nane: kulipwa

Hukumu ni karatasi. Mtu binafsi akikataa kulipa unatuma okshonia, yule dalali anayeshika mali kwa amri ya korti. Serikali huwezi kutuma okshonia, si ya taifa si ya kaunti, kifungu cha 21 cha Cap 40, sheria ya kesi dhidi ya serikali, kimekataza, na usijaribu kushika landkruza ya polisi tafadhali. Unaitisha cheti kutoka kortini, unakipeleka kwa ofisi inayohusika, wakinyamaza unarudi kortini kuomba order ya kumlazimisha afisa wa fedha alipe, akikaidi tena ndio unaomba aadhibiwe kwa kudharau korti. Hiyo safari inaweza kuwa ndefu kuliko kesi.

Ya mama haikufika hukumu. Siku ya kwanza ya kusikizwa wakili wa mwenye ploti aliona ile meseji imechapwa kwa karatasi kubwa, na nyuma yake maelezo ya kinyozi, akaomba dakika kumi, zikawa saa moja na nusu hapo nje chini ya mti. Wakaanza na ile elfu tisini. Wakili wetu akawaambia elfu tisini ni ya unga na friji, meseji mtailipia ngapi? Walikubaliana laki tatu na nusu. Mama alitaka kuondoka na neno la mdomo kwa sababu mwenye ploti alimshika mkono akamwambia "pole mama", tukamkataza, makubaliano yakaandikwa yakaingizwa kortini kama amri ya korti, malipo ya mara tatu, na akichelewa moja yote inadaiwa mara moja. Ya kwanza ilikuja kwa siku yake, ya pili pia. Ya tatu ilichelewa wiki mbili, tukamtumia nakala ya ile amri na jina la okshonia, ikaingia jioni hiyo hiyo kwa M-Pesa.